Soseji za kokteli zilizovikwa bekoni, kwa sherehe ya watu 20

Bekoni huingia jikoni ikiwa na maji mengi kuliko inavyoonekana. Imelowekwa kwenye maji ya chumvi, na mara nyingi kiwandani maji hayo hudungwa kwa sindano hadi ndani ya nyama. Sharti yatoke kwanza, ndipo mafuta yayeyuke, ndipo kingo zikauke na kulia mtu anapotafuna. Ukiyanyima njia ya kutokea, bekoni itachemka badala ya kuokeka, na mgeni atavutana na kitu laini kama mpira. Karibu kila kinachoharibika kwenye pishi hili chanzo chake ni hicho: mkunjo mnene mno, trei iliyojaa pomoni, au hotpoti iliyofungwa kukiwa na mvuke ndani.

Mengine ni rahisi. Viungo vikuu ni viwili tu, kazi kubwa hufanywa jana yake, na vitafunio hivi hufika mezani saa ileile wageni wameshaketi na mbuzi bado yuko kwenye makaa.

Kununua

Kwenye friji za supermaketi kubwa za Nairobi, kama Naivas, Carrefour na Quickmart, utakuta bekoni za aina zaidi ya moja, na tofauti yake ni kubwa. Inayoandikwa "streaky" hutoka tumboni mwa nguruwe: ndefu, nyembamba, yenye mistari ya mafuta na nyama kwa kupokezana. Hiyo ndiyo ya kuchukua. Inayoandikwa "back" hutoka mgongoni. Ina nyama pana upande mmoja na mkia wa mafuta upande wa pili, kwa hiyo haizunguki soseji sawasawa na hukauka kabla ya kushika rangi. Ni nzuri kwa mayai ya asubuhi, siyo kwa kazi hii. Chagua iliyokatwa nyembamba. Bekoni nene hubaki mbichi upande wa ndani wakati soseji tayari inaanza kupasuka.

Soseji za kokteli zina urefu wa sentimita 5 hivi na uzito wa gramu 15 hadi 20. Zikikosekana, nunua soseji za kawaida za nguruwe uzigawe mwenyewe. Usizikate zikiwa laini, maana nyama itamwagika kwenye ncha. Zilizo na ngozi, bana katikati kwa vidole viwili, zungusha mara nne au tano mpaka pasokoteke kama kamba, kisha kata palepale pa msokoto. Zisizo na ngozi, zikate zikiwa zimeganda nusu, halafu ziache ziyeyuke kabisa kwenye friji.

Smokie, ile soseji inayouzwa barabarani, usiitumie. Pale kituoni, ikipasuliwa na kujazwa kachumbari, haina mpinzani. Lakini imeshapikwa na kufukizwa moshi, na ina chumvi ya kutosha peke yake. Ukiizungushia bekoni, chumvi inazidi, na katika muda ambao bekoni inahitaji ili ikauke, smokie inasinyaa.

Hesabu ya watu 20: kama chakula kizima kinafuata, weka soseji tatu kwa kila mtu, yaani 60. Kama hakuna kingine cha maana hadi usiku, weka tano. Kwa soseji 60 utahitaji:

- soseji za kokteli kilo 1 hadi 1.2
- bekoni ya tumbo vipande 20 virefu, ambavyo ni kama gramu 400 hadi 500 kulingana na unene
- asali vijiko vikubwa 4
- haradali ya kupaka kijiko kikubwa 1
- siki kijiko kidogo 1
- pilipili ya unga nusu kijiko kidogo

Chumvi haimo kwenye orodha, na isiingie. Mafuta ya kupikia pia hayahitajiki.

Kufunga

Toa soseji kwenye friza usiku wa kuamkia siku inayotangulia sherehe, uziweke kwenye friji. Soseji iliyoganda katikati hutoa maji ikiwa tayari ndani ya oveni, na maji hayo hunaswa chini ya bekoni. Zikishayeyuka, zipanguse kwa tishu za jikoni. Bekoni nayo itandaze juu ya tishu, weka tishu nyingine juu, bonyeza kwa kiganja. Ukiona tishu imelowa, badilisha, rudia.

Sasa weka kipande kimoja cha bekoni kwenye ubao. Shikilia ncha moja, na kwa mgongo wa kisu kilicholazwa kidogo, pitisha hadi ncha ya pili ukikandamiza kwa upole. Kipande cha sentimita 25 kitaongezeka kufika 30 hivi. Usiiruke hatua hii. Bekoni hujikunja inapopata moto; iliyokwisha kuvutwa hukaza na kuishika soseji, ambayo haikuvutwa hujifungua. Kigawe sehemu tatu, kila ukanda sentimita 10.

Anza kwenye ncha ya soseji na uzungushe kwa mshazari, kila mzunguko ukipanda juu ya uliotangulia kwa upana wa nusu ukucha tu. Pale bekoni inapolaliana mara mbili au tatu, tabaka la ndani halioni moto na litabaki jeupe na laini. Acha ncha za soseji zionekane. Mkunjo wa mwisho uwe upande wa chini unapoipanga kwenye trei, ili uzito wa soseji yenyewe uubane.

Vijiti vya meno? Kama unatumia oveni, acha. Mkunjo ukiwa chini unajifunga wenyewe ndani ya dakika kumi za kwanza, na vijiti huchomwa vikiwa visafi wakati wa kuandaa meza. Kwa kikaango au makaa ni lazima, kwa sababu utakuwa unageuzageuza. Viloweke majini nusu saa ili visiungue, na uvihesabu: idadi inayoingia kwenye soseji ndiyo itakayotoka.

Zikishafungwa, zifunike kwa foili bila kubana na uziweke friji, rafu ya chini kabisa, mbali na matunda na kachumbari. Zinakaa vizuri hadi kesho yake. Zikikaa zaidi ya saa 24, bekoni huanza kutoa maji tena.

Kuoka

Washa oveni nyuzi 200 za Selsiasi, uiache ipate moto kwa dakika 15 kamili. Tandika foili kwenye trei, weka wavu juu yake, panga soseji juu ya wavu. Wavu huacha mafuta yadondoke na hewa ya moto ipite chini. Kama huna wavu, panga moja kwa moja kwenye foili, ila itabidi uyamwage mafuta katikati ya pishi. Acha nafasi ya upana wa kidole kati ya soseji na soseji. Trei moja ya kawaida inatosha 30, hivyo 60 ni trei mbili. Kulazimisha zote kwenye trei moja ni kujipikia mchuzi.

Oka dakika 15, geuza kwa koleo, oka nyingine 10. Kama ni trei mbili kwa pamoja, zibadilishane rafu wakati wa kugeuza na uongeze dakika 5. Hapo bekoni itakuwa imesinyaa, mafuta yake yanang'aa badala ya kuwa meupe, na kingo zina rangi ya kahawia. Povu jeupe linalotoka mapema lisikutishe. Ni maji ya chumvi na protini ya nyama. Lipanguse unapogeuza.

Majiko mengi ya gesi yana oveni yenye moto wa chini tu, na nambari za kitufe chake haziaminiki sana. Kwa oveni ya namna hiyo, panga trei rafu ya juu, na weka trei nyingine tupu rafu ya chini ili ikinge mwale wa moja kwa moja. Bila kinga hiyo tumbo la soseji huungua huku mgongo ukiwa bado mweupe. Kipimajoto kidogo cha kutundika ndani ya oveni kitakueleza ukweli kuliko kitufe.

Rangi ya bekoni siyo kipimo cha kuiva kwa soseji. Bekoni hubaki na wekundu hata ikiiva kwa sababu ya nitriti iliyohifadhiwa nayo. Pima soseji yenyewe: kipimajoto cha nyama kikichomwa katikati kisome nyuzi 71 au zaidi. Kama huna, kata moja katikati. Nyama iwe imeshikana, bila sehemu inayoteleza, na maji yake yawe maangavu. Nyama ya nguruwe haikubali kukisia.

Asali huingia mwishoni. Koroga asali, haradali, siki na pilipili, paka kwa brashi zikiwa zimebaki dakika 5, rudisha. Ukipaka mapema, sukari itageuka nyeusi na chungu kabla soseji haijaiva, na foili utaibandua vipande vipande. Rangi ikianza kuwa kama ya chai ya rangi, toa. Zikae dakika 5 juu ya wavu. Bekoni hukauka zaidi inapopoa kidogo.

Bila oveni

Kwenye kikaango, anza na kikaango baridi. Panga soseji mkunjo ukiwa chini, washa moto mdogo, usiweke tone la mafuta. Moto mkali mwanzoni huikaza bekoni kwa nje na kufungia mafuta ndani. Mkunjo ukishashika, baada ya dakika 4 hivi, geuza robo, kisha robo, hadi dakika 16 au 18. Chota mafuta yanayokusanyika, maana yakijaa utakuwa unakaanga kwa kuzamisha. Usifunike. Pika 15 hadi 20 kwa mara moja.

Kwenye jiko la makaa tatizo ni mafuta kudondoka na kuwasha ndimi za moto zinazoacha masizi. Sogeza makaa upande mmoja, pika upande usio na makaa, na malizia juu ya makaa kwa dakika mbili tu. Zichome nne nne kwenye mti wa mishikaki, ni rahisi kuzigeuza.

Kikaangio cha hewa ya moto hufanya kazi nzuri kuliko vyote kwa idadi ndogo: nyuzi 180, dakika 12 hadi 14, safu moja, tikisa mara moja.

Kwa wageni wasiokula nguruwe

Katika sherehe yoyote ya Nairobi huenda kukawa na Waislamu na Wasabato, na haifai wakute sinia la nguruwe peke yake. Andaa soseji 30 za ng'ombe zenye alama ya halali, uzivike unga: ngano gramu 300, siagi baridi gramu 75 iliyosuguliwa ndani ya unga, chumvi nusu kijiko kidogo, maji baridi mililita 110. Kanda kwa muda mfupi, pumzisha nusu saa, sukuma kama chapati, kata mikanda ya upana wa sentimita 1.5, zungusha, paka yai. Nyuzi 200, dakika 20. Nchini Uingereza "nguruwe ndani ya blanketi" ni soseji ndani ya bekoni. Marekani jina hilohilo ni soseji ndani ya unga, kama hizi.

Zioke kwanza, kabla ya bekoni kutoka kwenye friji, kwa trei, ubao, brashi na koleo vyake peke yake. Mezani ziwe sinia tofauti, kwa umbali, na kikaratasi kilichoandikwa waziwazi "ng'ombe" na "nguruwe". Mgeni asilazimike kuuliza.

Kusafirisha na kuandaa

Hotpoti ndiyo inayoharibu kazi yote. Soseji zikiingia moto na kifuniko kikafungwa, mvuke unapanda, unageuka maji, unadondokea bekoni, na baada ya nusu saa ile iliyokuwa ikilia imelegea. Kama sherehe ni mbali, tuseme ni Ruai na wewe unapikia Rongai, zitoe oveni bekoni ikiwa bado na rangi hafifu lakini soseji imeiva, usizipake asali. Zipoe upesi, ziweke friji, zisafirishe kwenye kasha lenye barafu. Kule zimalizie nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10 pamoja na asali, hadi ziwe moto katikati. Ikibidi utumie hotpoti, tandika tishu chini, kifuniko kikae wazi upana wa kidole, na zisikae humo zaidi ya dakika 20.

Toa sinia kwa mafungu, soseji 20 kwa 20. Za juu ya meza zisikae zaidi ya muda wa saa mbili, na kwenye hema la jua kali zisizidi saa moja. Watoto wadogo wakatiwe kwa urefu, mara mbili kisha mara nne, kwa sababu soseji ya mviringo ni saizi ya kuziba koo. Na yao isiwe na kijiti.

Kwa kuchovya, ukwaju unashinda sosi ya nyanya, kwa kuwa uchachu wake hukata mafuta. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye kikombe cha maji moto, chuja, chemsha na vijiko vikubwa 2 vya sukari na pilipili mbichi moja iliyopondwa, dakika 6, mpaka ushike mgongo wa kijiko.

Mafuta yaliyobaki kwenye foili yachuje yakiwa ya vuguvugu, uyatie kwenye chupa safi ya jemu na kuiweka friji. Kijiko kimoja kinatosha kukaangia sukuma wiki ya kesho yake, punguza chumvi.