Kuuza Chai ya Asubuhi kwa Nyumba za Wageni Mji Mkongwe

Nyumba nyingi ndogo za wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, huuza chumba pamoja na chai ya asubuhi, lakini jiko lao halitoshi kukanda na kukaanga. Mpishi wa vitumbua na chapati aingilie hapo.

1. Anza na nyumba za vyumba 6 hadi 12. Hoteli kubwa ina wapishi wake. Zungumza na anayepanga meza asubuhi, maana yeye ndiye anayeona kinacholiwa na kinachobaki. Uwe na kibali cha biashara na cheti cha afya mkononi.

2. Hesabu vichwa, si vyumba. Vyumba 6 vyenye wageni wawili wawili ni watu 12: vitumbua 24, chapati 12. Kilo 1 ya unga hutoa chapati 10 hadi 12 za donge la gramu 130 hadi 150, basi kanda kilo 1 na robo. Oda ifungwe saa 2 usiku, wageni wa boti ya jioni wakishafika. Loweka mchele hapo hapo, usage saa 9 usiku, uache uumuke kwa muda wa kama saa moja.

3. Kufunga ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Kitumbua kikitoka kikaangoni kikaingia hotpoti moja kwa moja, mvuke hugeuka maji na ule ukingo mkavu hulegea. Kitandaze kwenye ungo dakika 10, safu moja tu, ndipo ufunge, kitambaa safi kikiwa chini ya kifuniko. Chapati ni kinyume chake: zifunge zingali moto, la sivyo zitakauka. Fika saa 12 na nusu. Gari haipiti vichochoroni, kwa hiyo tafuta wateja wa mtaa mmoja, Shangani au Malindi, usizunguke mji mzima na kapu.

4. Andika viambato. Kitumbua cha mchele mtupu humfaa asiyekula ngano, mradi mafuta hayakukaangia maandazi. Kama ni mafuta yale yale, sema wazi kuwa hakimfai.

5. Mali kauli, yaani kutoa chakula leo ulipwe baadaye, ndiyo inayoua biashara hii. Ukitumia shilingi 40,000 kwa siku, kungoja malipo siku 30 ni shilingi 1,200,000 zako zimekaa kwa mwenzio. Siku 7 zatosha. Andikianeni pia kiwango cha chini, tuseme vitumbua 20, kwa sababu masika (Machi hadi Mei) wageni hupungua na oda ya vitumbua 6 hailipi hata mkaa. Oda ikivunjwa baada ya saa 2 usiku, ilipwe.

6. Ramadhani migahawa mingi hufunga mchana, na wageni hula ndani walikofikia. Pendekeza pilau ya mchana. Aliyefunga haonji, basi chumvi ipimwe kwa mizani: gramu 15 kwa kilo 1 ya mchele, kisha urekebishe kwa majibu ya mezani. Chakula kikae juu ya nyuzi joto 60. Kikipoa chini ya hapo zaidi ya saa 2, usikipeleke.