Jinsi ya kupima uhusiano wa mshauri na mteja katika tiba ya mazungumzo, na kuufuatilia pamoja na nafuu

Mwaka 2018 Christoph Flückiger na wenzake walijumlisha tafiti 295 na kukuta kwamba uhusiano mzuri kati ya mshauri na mteja huandamana na matokeo mazuri ya tiba, kwa uwiano wa takwimu (correlation, ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kuhusiana kikamilifu) wa takriban 0.28. Si uwiano mkubwa, ila umejirudia kwa miongo kadhaa. Tatizo ni kwamba peke yake hausemi kipi kilitangulia. Mteja aliyeanza kulala usingizi na kurudi kazini atamsifu mshauri wake hata kama nafuu imetoka kwingine. Ndiyo maana jambo la kwanza katika utafiti wa namna hii ni ratiba ya vipimo. Takwimu zinafuata baadaye.

Kwa sonona, tumia dodoso la PHQ-9. Ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na ipo kwa Kiswahili. Alama 10 na kuendelea ndicho kizingiti kinachotumika zaidi kuashiria sonona. Kwa uhusiano, dodoso fupi la WAI-SR lina maswali 12 ya alama 1 hadi 5, kwa hiyo jumla ni 12 hadi 60. Maswali manne yanahusu kukubaliana malengo, manne yanahusu kazi zinazofanyika kwenye vikao, na manne yanahusu ukaribu. Mgawanyo huo ni wa mwanasaikolojia Edward Bordin, 1979. Omba ruhusa ya kulitumia, kisha tafsiri yako ipitiwe na mtu wa pili atakayeirudisha kwenye lugha ya awali bila kuona maandishi ya kwanza.

PHQ-9 ijazwe kabla ya kikao, WAI-SR baada ya kikao, kila kikao. Ukisubiri mwisho wa tiba utawapata waliobaki tu, na waliokatisha ndio wenye habari unayoihitaji. PHQ-9 huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Vikao vikiwa vya kila wiki, nusu ya muda unaoulizwa utakuwa umeshahesabiwa kwenye kipimo kilichopita. Badilisha maelekezo yawe siku 7, na uliandike hilo wazi kwenye ripoti.

Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lisomwe mteja akiwa bado yupo hapo. Jibu lolote lililo juu ya 0 linamfikia mshauri kabla kikao hakijaanza, na utaratibu wa hatua zitakazofuata uwe umeandikwa kwenye ombi lako la kibali cha maadili. Fomu inayolala kwenye faili hadi siku ya uchambuzi ni hatari kwa mtu aliyekuamini.

WAI-SR ina ugonjwa wake: alama hujazana juu. Mteja aliyelelewa kuheshimu mkubwa hawezi kumpa mshauri alama 2 huku mshauri amesimama mbele yake. Basi mshauri asiishike fomu hiyo kabisa. Mteja aijazie mapokezi, aiweke kwenye bahasha yenye namba ya utafiti isiyo na jina, aifunge mwenyewe na kuitumbukiza kwenye sanduku lenye kufuli. Aambiwe tangu mwanzo, kwa mdomo, kwamba mshauri hatayaona majibu, na ahadi hiyo itimizwe.

Kwenye uchambuzi, usichanganye tofauti kati ya wateja na mabadiliko ya mteja mmoja. Mteja mwenye wastani wa WAI-SR wa 58 akitoa 52 kikao cha 3, na mwingine mwenye wastani wa 48 akitoa 42, wote wameshuka kwa 6, ingawa 52 inaonekana nzuri ukiitazama peke yake. Kwa kila alama ya mteja, ondoa wastani wake mwenyewe (alama kasoro wastani), kisha angalia kama mshuko wa kikao cha 3 unatabiri PHQ-9 ya kikao cha 4, huku PHQ-9 ya kikao cha 3 ikiwa ndani ya mlinganyo. Vipimo vitatu kwa mteja ni vichache mno, wastani wake utayumba. Rekodi pia namba ya mshauri. Baldwin, Wampold na Imel, 2007, wakiwa na wateja 331 na washauri 80, waliona kwamba tofauti ya alama za uhusiano baina ya washauri ndiyo iliyoambatana na matokeo. Ukiwa na washauri watatu huwezi kulijibu swali hilo, hivyo usilijaribu.

Limebaki suala la idadi ya vikao. Kenneth Howard na wenzake, 1986, walikadiria kwamba nusu ya wateja hupata nafuu kufikia kikao cha 8 na robo tatu kufikia cha 26. Wengi huusoma mchoro wa matokeo hayo kama dozi ya dawa: mwanzo huleta faida kubwa, baadaye faida hupungua. Michael Barkham na wenzake wakatoa maelezo mengine, kwamba watu huacha wanapopata nafuu ya kutosha. Wanaopona haraka huondoka mapema, wanaopona polepole ndio hubaki, na mstari wa wastani hulala kwa sababu hiyo. Ili kuyatofautisha, wagawe wateja kwa jumla ya vikao walivyohudhuria, mfano 4, 8 na 12, uchore mstari wa PHQ-9 wa kila kundi peke yake. Kundi la 4 likishuka kwa kasi kuliko la 12, data yako inaelekea kwa Barkham. Walioacha ghafla wasihesabiwe pamoja na waliokubaliana na mshauri kumaliza, kwa hiyo sababu ya kuacha iandikwe siku ileile.