Mwanamke Apige Benchi Kilo Ngapi? Namna ya Kuipata Namba Yako

Kwenye soka kusugua benchi ni aibu. Huku kwetu jimuni benchi, ile unayolala chali na kusukuma chuma juu kutoka kifuani, ndiyo inayogombewa, hasa Jumatatu jioni, na wanaume wakishaikalia hawabanduki. Ndiyo maana wanawake wengi ninaowafundisha hapa Dar es Salaam hufika kwangu wakiwa na miezi mitatu ya mazoezi ya miguu, lakini hawajalala chini ya chuma hata siku moja. Swali lao la kwanza huwa lile lile: "Kocha, mwanamke anatakiwa abebe kilo ngapi?"

Jibu ninalo, liko hatua ya 5. Ila ukiliruka moja kwa moja utajipima kwa namba ya uongo, kama nilivyojipima mimi.

Hatua ya 1: Pima chuma chenyewe

Nilianzia jimu ya uani, Temeke. Chuma chetu kilikuwa bomba la maji, na pleti zetu, yaani vile vizito vya kuchomeka kila upande, makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kila kopo liliandikwa "15" kwa chokaa, na bomba tuliambiwa ni kilo 20 kama vyuma vya Ulaya. Nikawa napiga 50 mara tano, natembea mtaani mabega juu. Siku nilipohamia jimu yenye vyuma halisi, kilo 50 zilinikalia kifuani mbele za watu. Nikarudi kule na mizani ya kupimia mwili. Bomba lilikuwa na kilo 9, kopo moja 13, jingine 14. Jumla 36. Na mkono wangu wa kushoto, ambao siku zote nilikuwa nauita dhaifu, kumbe ndio uliokuwa upande wa kopo zito.

Kwa hiyo: panda mizani mikono mitupu, andika. Panda tena ukiwa umekumbatia chuma, andika. Toa. Pleti fanya hivyo hivyo, moja moja, hata kama zimeandikwa.

Kwenye jimu zenye vifaa vya kiwandani, chuma kirefu cha mita 2.2 kwa kawaida ni kilo 20. Kipo pia cha kilo 15, kifupi kidogo na chembamba, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake wa kunyanyua vyuma kwenye Olimpiki. Unene wake ni milimita 25 badala ya 28, na kwa kiganja kidogo tofauti hiyo unaisikia. Kitumie ukikikuta, ila usikiandike kuwa 20. Kile kinachopanda na kushuka kwenye reli za mashine usikihesabu kabisa. Mashine nyingi zina uzito wa kukipunguzia, na reli zinakufanyia kazi ya kukisawazisha.

Hatua ya 2: Lala kama mtu anayetaka kusukuma

Hapa ndipo penye kilo za bure. Nimeona mtu akiongeza kilo tano kwa siku moja kwa kulala vizuri tu.

Anza na nywele. Fundo la rasta nyuma ya kichwa litakusukuma kidevu kifuani, na shingo haitatulia. Lifunge juu utosini. Kama unavaa mtandio, acha wa pini. Vaa ushungi wa kuvuta, maana pini itakuchoma katikati ya seti, yaani marudio unayoyapiga bila kupumzika, na hutakuwa na mkono wa kuitoa.

Lala chuma kikiwa juu ya macho yako, si juu ya kifua. Kisha vuta makombe ya mabega nyuma na chini, yakaribiane, kana kwamba kitenge kimekuingia mgongoni na unataka kukibana kisidondoke. Kifua kitainuka chenyewe, na mgongo wa chini utaacha nafasi ya kupitisha mkono kati yake na benchi. Nafasi hiyo ni sawa. Makalio yabaki yamekaa. Yakinyanyuka wakati wa kusukuma, mwamuzi yeyote atakunyima, nami nakunyima pia.

Miguu. Benchi nyingi ni za kimo cha sentimita 42 hadi 45, na mwanamke mfupi akilala nyayo zinaning'inia kama za mtoto kwenye kiti cha daladala. Weka pleti chini ya kila mguu, zile pana zisizoteleza, ukanyage kwa nguvu. Mguu usiokanyaga ni kilo umeziacha sakafuni.

Mshiko: kidole gumba kizunguke chuma. Wapo wanaokiacha nyuma pamoja na vidole vingine kwa sababu wamemwona mtu fulani kwenye video. Chuma kikiteleza hapo kinashukia kidarini au kooni. Upana utaujua chuma kikiwa chini: mtu akikutazama kutoka miguuni, mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo isimame wima. Chuma kikalie sehemu ya chini ya kiganja, juu ya mfupa wa mkono, si kwenye vidole.

Sasa sehemu ambayo wanaume wanaotufundisha huona haya kuitaja. Chuma kishukie wapi? Kwenye mstari wa chini wa sidiria, au kidole kimoja juu yake. Ukikishusha juu zaidi, kwenye mfupa wa shingo, viwiko vitatanuka na mabega yatauma. Kiguse kifua kwa upole, kitulie, kisha kisukume juu na nyuma kidogo, kimalizie juu ya mabega. Njia yake si mstari ulionyooka. Imepinda kuelekea usoni.

Hatua ya 3: Anza na unachokiweza

Chuma kitupu cha kilo 20 ni kizito kwa wanawake wengi wanaoanza, na si jambo la ajabu. Nguvu za sehemu ya juu ya mwili wa mwanamke kwa wastani ni kama nusu hadi asilimia 60 ya za mwanamume. Kwenye miguu pengo ni dogo zaidi. Kwa hiyo usijipime na mumeo.

Kikikushinda, chukua dambeli za kilo 5 kila mkono, au piga pushapu mikono ikiwa juu ya benchi badala ya sakafuni. Ukifikisha pushapu kumi safi hivyo, rudi ukakijaribu chuma. Mara nyingi wiki tatu au nne zinatosha.

Na kabla hujaniuliza: hapana, maziwa hayatapungua kwa zoezi hili, wala hayatakua. Maziwa ni mafuta na tezi zilizokaa juu ya msuli. Unachokijenga ni msuli ulio chini yake. Anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kwanza ndipo alale benchi, atashukuru. Mwenye mimba iliyopita nusu asilale chali muda mrefu chini ya chuma; kuna njia za kusukuma ukiwa umekaa, na mkunga wako aulizwe kwanza.

Hatua ya 4: Itafute namba

Ukishapiga benchi mara mbili kwa wiki kwa mwezi mzima, jipime. Usikimbilie kilo ya mwisho, ile ya kunyanyua mara moja tu macho yakikutoka. Tumia hesabu inayojulikana kwa jina la Epley: zidisha kilo kwa idadi ya marudio, gawanya kwa 30, kisha jumlisha na kilo zile zile. Umepiga 35 mara sita? 35 mara 6 ni 210, gawanya kwa 30 ni 7, na 35 unapata 42. Hiyo 42 ndiyo namba yako ya kukadiria.

Jitahidi marudio yasizidi nane. Wanawake wengi tuna pumzi ya marudio kuliko wanaume kwa uzito unaolingana na nguvu zetu, hivyo anayepiga 25 mara kumi na tano hesabu itamwambia ana 37 na nusu, na akizipakia zitamkalia.

Siku ya kujipima, pasha mwili: chuma kitupu mara kumi, ongeza mara tano, ongeza mara tatu, pumzika dakika tatu, halafu seti ya kweli. Na uwe na mshikaji. Mtaani mshikaji ni rafiki. Hapa ni mtu anayesimama kichwani pako kushika chuma kikikushinda. Mwambie mapema asikiguse mpaka kiache kupanda. Mikono ikishagusa, rudio hilo halihesabiki, hata akiapa kwamba "nimeweka vidole tu, yote yako".

Huna mshikaji? Usifunge vibano vya pleti. Ukikwama, inamisha chuma upande mmoja, pleti zidondoke, kisha upande wa pili utafuata wenyewe. Kelele ni kubwa na kila mtu atageuka. Wageuke tu.

Hatua ya 5: Isome namba

Hiki ndicho kipimo ninachofanyia kazi, kwa kilo ya mwisho ikilinganishwa na uzito wa mwili. Mwanamke asiyewahi kufanya mazoezi husukuma kati ya theluthi na nusu ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, ni 20 hadi 30. Akifanya kwa utulivu miezi sita hadi mwaka, hufika kati ya nusu na robo tatu, yaani 30 hadi 45. Kutoka hapo kwenda kwenye uzito wake kamili ni kazi ya miaka, na kwenye jimu ya kawaida anayeusukuma utamhesabu kwa kidole kimoja, kama yupo.

Ukitaka kujua dari iko wapi, haipo karibu. Jennifer Thompson, mwalimu wa hisabati wa Marekani, alisukuma zaidi ya kilo 140 akishindana kwenye uzito wa kilo 63. Na huku Afrika tuna wa kwetu. Kwenye Paralimpiki za Paris mwaka 2024, Onyinyechi Mark wa Nigeria alisukuma 150 katika kundi la kilo 61, na mwenzake Folashade Oluwafemiayo 167 katika kundi la kilo 86. Zote zilikuwa rekodi za dunia wakati huo. Jirani zetu Kenya wana Hellen Wawira Kariuki, aliyepata shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. Kwenye mchezo wa hawa watatu, ule wa wenye ulemavu, miguu inalazwa juu ya benchi na kufungwa kwa mkanda, hakuna kukanyaga sakafu. Fikiria hilo unaposoma tena nilichosema kuhusu miguu.

Hatua ya 6: Ongeza kidogo kuliko unavyodhani

Nikiulizwa kwa nini wanawake wengi hukwama benchi, wala sizungumzii homoni. Nazungumzia pleti. Jimu nyingi pleti yao ndogo ni kilo 2.5, na lazima uweke mbili, kwa hiyo ngazi moja ni kilo 5. Mwanamume anayetoka 100 kwenda 105 ameongeza asilimia 5. Wewe unayetoka 30 kwenda 35 umeongeza karibu asilimia 17 kwa mkupuo. Hakuna kocha mwenye akili angemwambia yule mwanamume aruke kutoka 100 hadi 117 Jumatatu ijayo, lakini wewe unaambiwa kila siku, kisha ukishindwa unaambiwa wanawake hawana kifua.

Tengeneza pleti zako. Chukua soksi mbili, jaza mchanga mkavu, pima nusu kilo kila moja dukani kwa Mangi, funga fundo. Zifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli zigandamane na pleti, zisining'inie, maana kitu kinachobembea kitakuyumbisha. Hapo ngazi yako ni kilo moja. Wengine hutumia chupa za maji za nusu lita, na uzito unakuwa sawa, ila maji hucheza ndani. Mchanga hutulia.

Mpango: siku mbili kwa wiki. Siku ya kwanza seti tatu za mara tano, uzito unaokuachia rudio moja au mawili mfukoni. Siku ya pili punguza kama asilimia 15, seti tatu za mara nane, chuma kitulie kifuani sekunde moja kila mara. Ukikamilisha zote kumi na tano za siku ya kwanza, wiki ijayo soksi. Usipokamilisha, rudia uzito ule ule. Ukishindwa wiki tatu mfululizo, shusha kilo tatu uanze kupanda upya, na uangalie unakula nini; chai na chapati moja hadi saa nane mchana haijengi kifua cha mtu.

Nina mama mmoja, mama lishe, miaka 52, mikono ya kusonga ugali wa watu sitini. Alikwama kwenye 30 wiki sita, kila akijaribu 35 inamrudia. Nikamwonyesha soksi. Daftari lake tangu hapo: 31, 32, 33, 33, 34, 34, 35, 36, zote seti tatu za mara tano. Soksi zenyewe ni nyeupe, za shule, za mjukuu wake anayekaa naye. Jumatatu iliyopita alimaliza seti ya mwisho, akakaa kwenye benchi akipangusa jasho kwa kanga, akaanza kufungua fundo.

"Mwanangu, tafuta nyingine. Shule zimefunguliwa."