Kabla hujalipia pikipiki ya safari, jaribu kuiinua

Ukichagua pikipiki ya safari, ile ya kwenda mbali kwa lami na njia mbovu, kati ya ya bei nafuu na ya bei ya kutisha, usianze na nguvu za farasi. Anza na uzito. Royal Enfield Himalayan 450 ina kilo 196 hivi na nguvu za farasi 40. Yamaha Ténéré 700 inapita kidogo kilo 200. BMW R 1300 GS ina kilo 237 na nguvu 145. Kwenye lami ni raha tupu, lakini ikilala ubavu mchangani na masanduku yamejaa, utajua hujui. Mimi, pikipiki nzito ya kuazima iliniangusha mara tatu siku moja. Ya tatu nilikaa pembeni nikanywa maji kwanza.

Kwa hiyo muombe muuzaji uilaze taratibu, kisha uiinue peke yako: igeuzie mgongo, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, usukume kwa miguu, si kwa kiuno. Ikikushinda dukani, porini je?

Pesa ya ziada hununua shokapu za kurekebishika na vifaa vya elektroniki. Vizuri, ila kwa njia mbovu mimi hutazama kwanza rimu za spoki na gurudumu la mbele la inchi 21. Na bakiza fungu la helmeti, buti, na bamba la kukinga injini.