Somo: Kutunga pantuni kwa Kiswahili, hatua kwa hatua

Hamjambo wanachama. Wengi wetu tumelelewa na tarbia na utenzi, na vina na mizani tunavijua. Kwa hiyo leo tuvuke bahari hadi kwa Wamalei, tuone nao wamefanya nini na mishororo minne. Utungo wao unaitwa pantuni. Umeenea Rasi ya Malaya, Sumatra, Riau, Borneo, Singapore na Brunei, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu kwa ombi la pamoja la Indonesia na Malaysia. Kwa asili ni utungo wa mdomoni. Watu huusema harusini, kwenye hotuba, hata sokoni, kabla ya mtu yeyote kuuandika.

Nimeuchagua kwa sababu moja. Unamfundisha mtunzi kitu ambacho mashairi mengi ya siku hizi yamekipoteza, nacho ni kuonyesha kwanza, kusema baadaye.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kutunga

Huu ndio ubeti ambao karibu kila Mmalei anaujua:

Pisang emas dibawa berlayar,
Masak sebiji di atas peti;
Hutang emas boleh dibayar,
Hutang budi dibawa mati.

Maana yake: ndizi za dhahabu (aina ya ndizi ndogo, tamu sana) zilichukuliwa safarini baharini, moja ikaivia juu ya sanduku, deni la dhahabu hulipika, deni la wema mtu hufa nalo.

Usomeni kwa sauti, hata kama Kimalei hamkijui. Vina vinapishana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mishororo miwili ya mwanzo inaonyesha kitu cha kawaida kabisa, ndizi ndani ya chombo. Miwili ya mwisho inasema jambo la moyoni. Ile ya mwanzo tutaiita kivuli, ya mwisho tutaiita kusudi. Kati ya mshororo wa pili na wa tatu hakuna daraja, hakuna “vivyo hivyo” wala “kama vile”. Msikilizaji anaruka mwenyewe.

Lakini haruki gizani. Tazameni *pisang emas* inavyoitikiwa na *hutang emas* mahali pale pale pa mshororo. Tazameni tena *dibawa*, “huchukuliwa”: ndizi zimechukuliwa baharini, na deni la wema linachukuliwa hadi kaburini. Tena ndizi inaiva polepole njiani, bila mtu kuigusa, na wema wa mwenzio nao hukua ndani yako kwa namna hiyo hiyo. Aliyetunga ubeti huu hakuokota ndizi ili apate kina tu. Hapo ndipo penye ufundi wote, na hatua ya 4 ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Hatua ya 2: Andika kusudi kwanza

Anza na mishororo ya tatu na ya nne. Andika jambo lako kwa sentensi ya kawaida, kama unavyomwambia jirani. Mfano wetu: ndugu hata wakinuniana, hupatana. Usitafute uzuri bado.

Hatua ya 3: Lipime

Mshororo wa pantuni una silabi 8 hadi 12. Kwa Kiswahili napendekeza mizani 10. Maneno yetu ni marefu, na 8 hubana sana mtu anayeanza. Mshororo wa pantuni haulazimiki kugawanywa kwa kina cha kati kuwa ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Ndugu wanuna, wanuna kweli,
Usiku wala moja sahani.

Hesabuni: ndu-gu wa-nu-na, wa-nu-na kwe-li. Kumi. U-si-ku wa-la mo-ja sa-ha-ni. Kumi. “Wala” hapa ni “wanakula”, na “moja sahani” ni kuboronga sarufi kwa ruhusa ya ushairi, ruhusa tuliyoizoea sote. Sasa tuna vina viwili vya kutafutia wenzake, *li* na *ni*.

Hatua ya 4: Tafuta kivuli

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Tazameni hiki:

Nimenunua viatu ghali,
Vimekaa sasa kabatini;
Ndugu wanuna, wanuna kweli,
Usiku wala moja sahani.

Mizani imetimia, vina vimetimia, na ubeti umekufa. Viatu havina la kuwaambia ndugu. Watunzi wa Kimalei wenyewe huvumilia vivuli vya namna hii katika pantuni za watoto na za kuchekesha, ila katika pantuni ya kukumbukwa kivuli lazima kifanye kazi.

Njia ya kukipata ni kuliuliza kusudi lako: hapa kuna mwendo gani? Acha maneno, tafuta mwendo. Ndugu wanaachana, kisha wanarudiana, na kurudiana kwenyewe ni kwa kawaida tu, hakuna aliyeitisha kikao. Sasa toka nje utazame ni kitu gani kinachoondoka na kurudi vivyo hivyo. Mtu wa pwani hahitaji kufikiri sana:

Maji yapwa, hayaendi mbali,
Usiku yamerejea pwani;
Ndugu wanuna, wanuna kweli,
Usiku wala moja sahani.

Mtu wa Iringa au Goma asiazime maji haya. Yeye ana ukungu unaoshuka na kupanda, ana ng'ombe wanaotoka zizini na kurudi, ana barabara ya vumbi inayogeuka tope. Kivuli lazima kitoke mahali unapopajua kwa macho. Ukiazima picha ya watu, msikilizaji ataisikia kuwa imeazimwa.

Hatua ya 5: Funga kwa sauti

Rudia ubeti wako utafute mahali ambapo mishororo inaweza kuitikiana katikati au mwanzoni. Katika ubeti wetu “Usiku” wa mshororo wa pili umerudi kwenye wa nne, na “yapwa” inajibiwa na “wanuna”, kila moja ikifuata jina lake. Mwangwi huo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba maji na ndugu ni habari moja, bila wewe kumwambia. Usizidishe. Mwangwi mmoja au miwili inatosha kwa mishororo minne.

Hatua ya 6: Ukitaka kuendelea, unganisha

Kuna pantuni ya mnyororo, *pantun berkait*. Mishororo ya pili na ya nne ya ubeti mmoja inakuwa ya kwanza na ya tatu ya ubeti unaofuata. Wetu ukiendelea:

Usiku yamerejea pwani,
Ngalawa zote zimeinuka;
Usiku wala moja sahani,
Ya asubuhi yamefutika.

Mtaona kwamba kivuli kinaendelea kuwa kivuli na kusudi linaendelea kuwa kusudi. Mishororo ya maji inazaa mishororo ya maji, ya ndugu inazaa ya ndugu. Ni simulizi mbili zinazotembea sambamba bila kugusana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Tarbia yetu nayo ina mishororo minne. Mbona nisiseme kwamba pantuni ni tarbia iliyopunguzwa mizani?

Marahaba. Kwa sababu ya lile pengo la katikati. Katika tarbia wazo moja hutiririka kutoka mshororo wa kwanza, na wa mwisho huja kulikaza au kulirudia kama kibwagizo. Vina navyo kwa kawaida huwa vya namna moja katika mishororo mitatu ya mwanzo. Pantuni imekatwa katikati kwa makusudi. Wamalei wenyewe wana utungo mwingine uitwao *syair*, wa mishororo minne yenye kina kimoja mwishoni, unaotumika kusimulia hadithi ndefu. Huo ndio wenye undugu wa karibu zaidi na beti zetu, na hauna kivuli.

Mwanachama wa Nairobi: Nilisoma shairi la Kifaransa la aina inayoitwa *pantoum*. Mishororo inarudiwa-rudiwa lakini sikuona kivuli wala kusudi. Ni kitu kile kile?

Ni mtoto wa pantuni ya mnyororo. Mwaka 1829 Victor Hugo, katika maelezo ya kitabu chake *Les Orientales*, alichapisha tafsiri ya pantuni ya mnyororo iliyofanywa na Ernest Fouinet. Washairi wa Ufaransa wakaupenda ule mrudio, baadaye Waingereza na Wamarekani nao wakaufuata. Kanuni iliyozoeleka huko ni kwamba shairi lirudi mwishoni kwenye mishororo ya ubeti wa kwanza. Baudelaire alitunga la namna hiyo lililomo katika kitabu chake cha 1857, ingawa yeye alibadili mpangilio wa vina na hakurudi mwanzo. Kilichobaki njiani ni kile kile ulichokikosa. Walichukua mnyororo, wakaacha kivuli. Mashairi yao mengine ni mazuri sana, lakini kwa somo hili nawaomba mbaki na la asili.

Mwanachama wa Mombasa: Mwalimu, nimejaribu. Mwenzangu anasema mshororo wa pili umezidi, mimi sioni.

Wingu limetanda bila radi,
Mkulima hakupanda mbegu zake;
Mpenzi usinipe ahadi,
Nipe siku, nipe saa yake.

Dada, hongera. Wingu lisilo na radi na ahadi isiyo na saa vimekaa pamoja bila kulazimishwa, hasa ule mruko kutoka shambani kwenda kwa mpenzi. Mwenzako lakini ana haki. *M* ya “mkulima” inasimama peke yake kama mizani moja, sawa na ya “mpenzi”, ambayo wewe mwenyewe umeihesabu vizuri. Mshororo huo una 12. Badala yake jaribu:

Shamba lasubiri mbegu zake.

Umepata 10, na umepata kingine pia. Mkulima wako alikuwa ameshakata tamaa, shamba hili bado linangoja. Anayesema “nipe siku” naye bado anangoja.

Mwanachama wa Muscat: Hawana utungo mfupi zaidi? Watoto wangu hawana subira ya mishororo minne.

Wanao. Upo wa mishororo miwili, kivuli kimoja na kusudi moja, unaoitwa *karmina*. Maarufu kuliko yote ni huu: *Sudah gaharu, cendana pula, sudah tahu, bertanya pula.* Yaani, udi upo tayari, na sandali (mti unaonukia) tena. Unajua tayari, na kuuliza tena. Anaambiwa mtu anayeuliza jambo analolijua. Waanzishie watoto hapo, watakuja wenyewe kwenye minne.

Mwanachama wa Unguja: Pantuni huimbwa, au husemwa tu?

Yote mawili. Melaka, nchini Malaysia, wana *dondang sayang*, ambapo waimbaji wawili hujibizana kwa pantuni huku fidla, ngoma za rebana na gongo vikipigwa. Wamalei huiimba, na Wababa-Nyonya wenye asili ya Kichina nao huiimba. Ukiwa mtu wa taarabu, fidla hiyo haitakuwa ngeni masikioni mwako. Jakarta nako, katika harusi za Wabetawi, msafara wa bwana harusi husimamishwa mlangoni, na pande mbili hurushiana pantuni kabla ya kuruhusiwa kuingia.

Mwanachama wa Lamu: Basi na sisi tujibizane. Kanuni ya kujibu ni ipi?

Kanuni moja kubwa: mjibu asilete kivuli kigeni. Achukue cha mwenzake akigeuze. Kama mwenzio amesema wingu, wewe sema mvua, upepo, jua au mchanga uliokauka, usimrukie na habari za treni. Vina si lazima uvifuate, ila ukivifuata umemheshimu zaidi. Nimjibu dada wa Mombasa kwa niaba ya huyo mpenzi:

Mvua njema haina hodi,
Hushuka shambani peke yake;
Sitoi saa wala ahadi,
Acha mlango usifungike.

Nimechukua shamba lake na *di* na *ke* zake, nikamgeuzia hoja: lile analoliona ni uvivu wa ahadi, mpenzi analiita ujio usiotangazwa. Sasa zamu ni yake. Asitoke kwenye mvua, na akipenda amwonyeshe huyu bwana kwamba mvua isiyo na hodi nayo huharibu mazao. Wengine wote leteni beti mpya hapa chini, mkianza na kusudi, na kila mmoja aseme kivuli chake amekitoa mahali gani.