Ubatizo wako wa kwanza wa watoto: anza na karatasi, maji yatakuja

Kama umebarikiwa mwaka huu kuwa mchungaji wa Kilutheri na kupangiwa usharika wa mgombani, huku Kilimanjaro, jua kabisa kwamba Desemba haikusubiri ujipange. Mimi ilinikuta wiki ya sita tangu niwekewe mikono: watoto 17, wengi wao wamepandishwa kutoka Dar es Salaam waje wabatizwe kwa bibi. Chuoni nilikuwa nimefanyia mazoezi mwanasesere. Mwanasesere hana baba aliyebaki mjini kikazi, hana msimamizi wa dhehebu lingine, wala hana majina mawili.

Fomu ya maombi sitaieleza. Inapita kwa mzee wa kanisa wa mtaa, na yeye anaijua kuliko wewe. Ataangalia na bahasha za sadaka za wazazi kabla hujamwomba. Wewe kazana na mstari mmoja tu: jina la mtoto.

Hapo ndipo nilipoungua. Wazazi wakiwa mjini, fomu hujazwa na bibi, na bibi huandika anavyosikia. Mtoto mmoja aliandikwa Jaklini. Nikamwingiza kwenye rejista kama Jaklini, nikamjazia cheti kama Jaklini, kwa wino, kwa mwandiko wangu wa sikukuu. Jumatatu asubuhi baba yake akanionyesha kwenye simu picha ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi: Jacqueline, na jina la kati si la babu niliyeambiwa, ni la babu wa upande wa pili.

Vyeti vya ubatizo kwetu havichapwi usharikani. Vinaletwa kwa idadi, kila kimoja na namba yake, na ukiharibu kimoja unakirudisha na maelezo ya maandishi. Nikashuka kukibadilisha huko vinakotoka. Safari ya kwanza mhusika yuko semina. Ya pili mhusika yupo, ila ufunguo wa kabati uko kwa mtu aliyekwenda msibani. Ya tatu nikapewa cheti kipya, pamoja na nasaha za bure kuhusu umakini wa watumishi vijana. Bodaboda na daladala ni mfuko wangu. Kufika hapo familia ilisharudi Dar, kwa hiyo cheti kikasafiri kwa basi kama parseli, nayo nikailipia mimi.

Sasa hivi sipokei fomu isiyoambatana na nakala ya cheti cha kuzaliwa, au lile tangazo la kizazi walilopewa hospitali. Nakili herufi kwa herufi, hata kama unaona wamekosea. Kabla ya wino, andika majina kwenye karatasi ya kawaida, mpe mama asome kwa sauti, atie sahihi pembeni. Usicheke herufi moja. Cheti hiki kitaulizwa kwenye kipaimara, kitaulizwa kwenye ndoa, na wapo watu wazima wasio na cheti cha kuzaliwa wanaokwenda RITA na cha ubatizo kama kielelezo kimojawapo. Na kama ukoo umegawanyika kuhusu jina, wamalizane wiki moja kabla. Mimi nimeshuhudia shangazi akimnong'oneza mama jina jipya mbele ya birika la ubatizo, na maiki iko wazi.

Wasimamizi nao wana mambo. Anayetakiwa ni Mkristo aliyepata kipaimara. Anayeletwa mara nyingi ni yule anayetarajiwa kumlipia mtoto ada siku za mbele. Anayetoka nje ya usharika aje na barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake, na barua hiyo uione mapema, si "iko kwenye gari". Kuhusu msimamizi wa dhehebu lingine, soma mwongozo wa dayosisi yako kabla ya kujibu. Mimi nilijibu kwanza, nikasoma baadaye, nikalazimika kwenda nyumbani kwa watu kuomba radhi.

Kuna wazazi wanaotakiwa kurudi kundini kwanza, yaani kutubu na kupokelewa tena kanisani, hasa binti aliyezaa kabla ya ndoa. Lifanye hilo wiki kadhaa kabla, kwa mazungumzo ya upole ofisini. Mzee mmoja alinishauri tuliunganishe na ubatizo "ili kuokoa muda", binti asimame mbele na mtoto mkononi. Nilikataa, na ningekataa tena. Mtoto ameletwa apokee neema, si awe kielelezo cha kesi ya mama yake.

Weka Alhamisi kuwa siku ya mwisho ya karatasi, na uitangaze Jumapili mbili mfululizo. Bila hivyo utaamshwa Jumapili alfajiri na watu ambao wameshakodi turubai, wameshamlipa mpiga picha, na ndafu yao iko motoni. Ukifika hapo huna nguvu ya kukataa, na wao wanajua.

Siku yenyewe ni nyepesi kuliko unavyoogopa. Maji ya mlimani ni baridi mwezi wowote, kwa hiyo mwombe mhudumu chupa ya chai yenye maji ya moto ya kuchanganyia, kisha uyajaribu kwa kiwiko. Wingi wake usikusumbue: Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529 inafundisha kwamba ubatizo si maji matupu, ni maji pamoja na Neno. Kichwa cha mtoto kikae kwenye mkunjo wa mkono wako wa kushoto, wa kulia ubaki huru. Kofia zivuliwe kwenye benchi! Mimi nilisimama dakika nzima nikipambana na fundo la utepe chini ya kidevu cha mtoto anayelia, kwaya ikirudia ubeti uleule. Jina lisome kwenye kadi aliyoishika mzee, usilitegemee kichwani, hasa wakija mapacha. Kisha mara tatu, bila haraka: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Rejista isainiwe sakristia kabla ya picha. Baada ya picha hutampata msimamizi hata mmoja. Jioni wengine wako kwenye basi. Vyeti navyo vitolewe ofisini, mzazi asaini kupokea. Usivipeleke kwenye sherehe ili uonekane mchungaji wa watu. Kimoja nilikikabidhi chini ya turubai, kikarudi kesho yake na alama ya vidole vitano vya mafuta ya ndafu, wakiuliza kama naweza kuwaandikia kingine.