Kabla dirisha la ufadhili halijafunguliwa: maandalizi ya kijana wa Tanga anayetaka kusoma nje

Mwezi wa nane ukiingia, simu yangu hujaa picha za matangazo. "Kaka, huu wa Uingereza umefunguliwa, nifanyeje?" Anayeuliza anaweza kuwa kijana wa Chumbageni, au binti wa Muheza aliyemaliza shahada yake na sasa anajitolea kufundisha shule ya kata. Nafurahi sana kuulizwa. Halafu nami namuuliza: transkripti yako, yaani karatasi ya matokeo yako yote ya chuo, iko wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba iko chuoni, hajaifuata. Tanga tunasema waja leo warudi leo, lakini safari hii haiendi hivyo. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili ya Februari na Machi, miezi ambayo hakuna tangazo lolote linalokusukuma.

Anza na jina lako. Lichunguze kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo, herufi kwa herufi. Sisi watu wa pwani tumeumizwa sana na jambo hili: Athumani wa nyumbani anaandikwa Othman shuleni, Hemedi anakuwa Hamad. Mimi cheti changu cha sekondari na cha kuzaliwa vilitofautiana hivyohivyo, na nilikuja kugundua siku zimebaki chache fomu ifungwe. Mwaka ule nikaukosa. Tofauti ndogo mara nyingi hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ila wengine hulazimika kusajili hati ya kubadili jina, na hiyo haimaliziki kwa wiki moja. Jina likishanyooka, nenda Uhamiaji ukaombe pasi. Ada yake ni shilingi 150,000, na pasi ya kawaida hudumu miaka 10, basi huna sababu ya kungoja upate ufadhili kwanza.

Kuhusu transkripti, jambo linalosahaulika ni kipimo cha alama. Vyuo vyetu vingi hupima GPA, yaani wastani wa alama zako, kwa 5, ambapo 3.5 ni daraja la pili la juu na daraja la kwanza huanzia 4.4. Marekani wanapima kwa 4. Usijigeuzie alama kwa hesabu zako. Andika kama zilivyo, utaje kuwa ni kati ya 5, na uhakikishe ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja umeskaniwa pamoja na kurasa nyingine. Nimeona watu wakituma ukurasa wa mbele peke yake.

Sasa niseme juu ya uzoefu wa kazi, maana hapa vijana wetu wanajidhulumu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, unataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada ya kwanza. Namba hiyo inatisha, lakini ipige hesabu: ni saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, kwa miaka miwili. Na kazi ya kujitolea inahesabiwa, ya muda mfupi pia inahesabiwa. Yule binti wa Muheza anayefundisha bila mshahara anazikusanya saa hizo kila siku, ila hana karatasi hata moja inayosema hivyo. Mwombe mkuu wa shule barua yenye tarehe ya kuanza, siku unazofika kwa wiki na kazi unazofanya. Iombe ukiwa bado upo, kwa sababu wakuu wa shule huhamishwa. Wajerumani nao, kupitia DAAD, shirika lao linalofadhili masomo, wana kundi la kozi za maendeleo linaloitwa EPOS. Hilo linataka walau miaka miwili ya kazi, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Aliyehitimu zamani aanze na ufadhili huo kabla haujampita.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za kukupendekeza, huwa wawili au watatu. Kosa kubwa ni kutafuta mtu mwenye cheo badala ya mtu anayekufahamu. Mhadhiri aliyekusimamia utafiti wako ataandika mambo ambayo mheshimiwa aliyekuona mara moja harusini hawezi kuyaandika. Mpigie sasa, umsalimie, umkumbushe wewe ni nani na uliandika nini. Muda ukifika, mpelekee wasifu wako na rasimu ya insha ya maombi yako, umpe wiki tatu au zaidi. Mwombe pia atumie barua pepe ya chuo au ya ofisi, kwa kuwa anwani za binafsi huzua mashaka.

Mtihani wa Kiingereza nao una saa yake. Matokeo ya IELTS na TOEFL hutumika kwa miaka miwili tu, kwa hiyo usifanye mapema kupita kiasi. Soma kwanza masharti ya chuo, kwani mfadhili anaweza asiudai huku chuo kikiudai. Panga nauli ya Dar na mahali pa kulala usiku wa kuamkia mtihani. Basi la alfajiri kutoka Tanga si la kuliamini kwa jambo zito kama hili.

Insha ndiyo inayonikesha. Karibu kila rasimu ninayoletewa inasema "nataka kuisaidia nchi yangu." Nchi ipi, kwa kitu gani? Kijana mmoja aliyekulia kwenye shamba la mkonge Korogwe aliniletea sentensi hiyo. Nikamuuliza nyumbani kwao wanaona nini kila siku. Akanieleza kwamba jani likishakamuliwa, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, vilivyobaki vinatupwa, vinanuka, na maji yake yanakwenda mtoni. Nikamwambia, insha yako ndiyo hiyo. Tangu hapo alijua kozi gani anaitaka na kwa nini, na alijua akirudi atagonga mlango gani. Nawe kaa na daftari kabla ya Agosti, uandike tatizo moja ulilolishika kwa mikono yako, ulichokwisha kulifanyia, na maarifa unayoyakosa. Kiingereza chake tutakinyoosha baadaye.

Jambo dogo linaloangusha watu ni saa ya kufunga. Ikiandikwa saa 6 mchana ya London, kwetu ni saa 8 mchana. Lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma, na kuanzia hapo ni saa 9 alasiri. Usizikimbilie dakika hizo hata hivyo. Tuma siku tatu kabla, umeme unaweza kukatika.

Wala usimlipe mtu anayedai ana njia ya ndani. Fomu za Chevening hazina ada. Lipia kile ambacho tovuti rasmi ya chuo au ya mfadhili imekitaja tu.

Mwisho, zungumza na watu wa nyumbani kabla ya kuomba, usingoje majibu. Anayeomba mwezi wa nane au wa tisa huondoka karibu Septemba ya mwaka unaofuata, na Chevening wanakutaka urudi nchini uishi miaka miwili baada ya masomo. Kama una mwajiri, uliza taratibu za ruhusa ya masomo. Kama una deni la Bodi ya Mikopo, jua litaendeleaje ukiwa huko. Na kama kuna posa iliyokwisha kupelekwa, kaa na mwenzio umweleze miezi ilivyo, yeye na wazee wake, wapange tarehe wakiwa wanajua.